Njia ya Sufuria Kubwa

Mwalimu wetu wa uhasibu alikuja darasani na utepe wa buluu, akapiga magoti, akaanza kuubandika sakafuni kwa mistari mirefu kutoka dirishani hadi mlangoni. Tulitazamana. Alipomaliza, darasa lilikuwa limegawanyika kama bwawa la kuogelea siku ya mashindano. Kila njia ilikuwa ya mtu mmoja: anayeagiza bidhaa, anayetoa ruhusa, anayepokea, anayehesabu. Akachagua wa kusimama kwenye njia hizo, na mimi, ambaye huwa naomba tu nisionekane, akanisimamisha kwenye njia ya anayepokea.

Akatoa pakiti ya kahawa mkobani mwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa bidhaa. Tukaipitisha mkono kwa mkono mpaka mwisho, na kila mmoja akasema kwa sauti anachofanya. Mara ya pili aliniondoa njiani, akamwambia yule kijana anayehesabu asimame mguu mmoja njia yake na mguu mwingine njia yangu. Kahawa ikamfikia. Kijana akaitia ndani ya jaketi lake, akafunga zipu, akasema bila kupepesa macho, "Imefika. Nimehesabu. Iko sawa."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Nani anaweza kuthibitisha kwamba haikufika?" akauliza.

Tulikuwa tumemwona sote, lakini mwalimu alisema tufanye kama hatukuona, kwa sababu kazini hakuna anayeona. Basi hakuna aliyeweza kuthibitisha. Aliyepokea ndiye aliyehesabu, na hesabu ilikuwa sawa.

"Hilo ndilo mtakalojifunza kulichora," akasema.

Kabla ya kufundisha alikuwa mkaguzi wa hesabu, na macho ya kazi ile bado anayo. Akikuuliza umelalaje, unajikuta unatafuta ushahidi. Hapa Uswidi walimu huitwa kwa jina lao tu, kama mtu anavyomwita mdogo wake. Ulimi wangu hukataa, kwa hiyo sijawahi kumwita chochote.

Alitufundisha alama zake. Kisanduku ni kazi inayofanyika. Karatasi yenye ukingo wa mawimbi ni hati. Umbo lililokatwa kama kipande cha kashata ni swali la ndiyo au hapana. Mishale inaonyesha kitu kinakwenda wapi. Kila mtu ana njia yake, na mshale ukivuka kutoka njia moja kwenda nyingine, hapo ndipo pa kutazama sana, kwa sababu hapo kitu kinabadilisha mikono. Halafu akatupa kazi. Kila mmoja atafute mahali pa kweli, achore mwendo mmoja wa kazi, aseme udhaifu uko wapi.

"Msichore yanayopaswa kutendeka. Choreni yanayotendeka. Mkimwuliza mtu, atawaambia yanayopaswa. Kwa hiyo chukueni kitu kimoja, mkifuate kwa miguu yenu."

Wenzangu walichagua mikahawa na maduka ya nguo wanakofanya kazi wikendi. Mimi kumkabili mtu nisiyemjua na kumwuliza anavyofanya kazi yake, heri niugue. Nikachagua vyombo vya jumuiya, kwa sababu mtunza vyombo ni baba yangu.

Jumuiya yetu ni ya watu wa Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo na Burundi, na kinachotuunganisha ni Kiswahili, kila mtu na chake. Ina vyombo vya harusi na matanga: chupa za chai, meko ya gesi, masinia, na sufuria. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuja kwa ndege ikiwa imeshindiliwa nguo na kufungwa kamba, na bado inasimuliwa jinsi watu wa uwanja wa ndege walivyoizunguka. Vyombo vyote vinakaa katika stoo ya chini ya jengo letu hapa Farsta, na ufunguo uko kwenye bunda la baba. Baba alikuja nchi hii kusoma, masomo yakamshinda njiani, sasa anaendesha basi. Kwa Kiswidi yeye ni dereva. Kwa Kiswahili yeye ni mzee mtunza vyombo, na watu husimama akiingia.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu mama alinifundisha kukisoma kabla shule haijaniwahi, na kwa sababu nikiandika kwenye treni hakuna anayeweza kunichungulia. Karibu hakuna.

Nilimhoji baba jikoni, akiwa bado na sare yake ya kazi, kikombe cha chai mkononi. Mama alikuwa anakaanga vitunguu.

"Baba, mtu akitaka sufuria anafanyaje?"

"Ananipigia simu."

"Halafu?"

"Namwambia njoo."

"Na ruhusa anatoa nani?"

Akashusha kikombe. "Ruhusa ya nini?"

"Ya kwamba apewe."

"Mtu amefiwa, nimwambie angoje ruhusa?"

Mama alicheka huku ametugeuzia mgongo. Nikaendelea kuandika ili nisimtazame baba usoni.

"Akirudisha?"

"Ananipigia. Tunashuka, tunaweka."

"Nani anahesabu?"

"Mimi."

"Na nani anajua nani amechukua nini?"

"Mimi. Kila kitu kiko hapa." Akajigusa kipaji cha uso. "Na vyote vipo."

Nikamwambia ninataka kufuata kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba nimechagua ile sufuria kubwa. Kama anaweza, tushuke nikaione. Baba alitazama saa ya ukutani. Alisema leo hana nafasi. Kesho yake nilipomkumbusha, alisema taa ya chini inasumbua. Siku iliyofuata alisema, kwa sauti ya upole ambayo si yake, "Chora chupa za chai. Zile ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi."

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama baba yangu kwa macho ya yule mwalimu.

Jumapili ile anti wa Väsby alikuja kwetu baada ya ibada. Ni Mganda, nesi, rafiki ya mama, na yumo kwenye kamati ya jumuiya. Hutoka Upplands Väsby mpaka kwetu kwa treni ya mikoani na tunnelbana, ile treni ya chini ya ardhi, na hufika na habari zimeiva. Alikula, akasifu chakula, akafuta midomo.

"Shemeji," akamwambia baba, "mkutano umekaribia. Watu wanataka vyombo vihesabiwe."

"Vihesabiwe."

"Tena wanasema, kitu kikiingia Farsta hakitoki."

"Wanasema nani?"

"Watu."

"Watu wana majina."

"Wenye majina hawasemi, shemeji. Mimi simo. Mimi naleta tu."

"Hata posta huleta tu," baba akasema.

Anti alicheka kwa roho safi, na baba akatabasamu, lakini alisimama mapema kuliko kawaida yake, akasema anakwenda kulala kidogo. Mlango ulipofungwa anti alimsogelea mama. Mimi nilikuwa nakunja nguo pale pembeni. Kuna faida moja ya kuwa mtu asiyesema: watu wakubwa husahau kwamba ana masikio.

"Kuna anayesema aliona sufuria kama ile kwenye mkahawa, inapikiwa pilau ya kuuza. Sijui mimi. Nikipewa neno nalipitisha. Mwenyekiti amesema, ikikosekana hata moja, funguo inahama na watu wanaambiwa kwa nini."

"Haikosekani," mama akasema.

"Haya. Na huyu mumeo anaonekana Rinkeby, Jumamosi. Na mfuko."

"Ana abiria kila mahali."

"Dada," anti akasema polepole, "basi lake halipiti Rinkeby."

Mama alichukua kikombe kilichokuwa safi, akakiosha.

Nilijua kuhusu Jumamosi. Baba alikuwa akisema ameitwa zamu ya ziada, akaondoka bila sare. Na nilijua kuhusu mchele. Mama hununua gunia, akaugawa kwenye mifuko midogo na kuifunga kwa vipande vya kitenge kilichochanika, na mifuko ilikuwa ikipungua kuliko tunavyokula. Nilimwona mama akilifungua kabati, akitazama, akilifunga. Hakuniambia kitu, nami sikumwambia kitu. Nyumba yetu ilikuwa na watu watatu, kila mmoja akihesabu kimyakimya.

Wiki ile baridi iliongezeka na mama akanituma chini nikalete viatu vya theluji. Huko chini kila familia ina kizimba chake, na kuta zake ni waya wa matundu kama banda la kuku. Kizimba chetu kinapakana na kile cha vyombo. Nilisimama katikati ya masanduku yetu, nikachungulia upande wa pili. Sufuria zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine, kubwa chini. Pale pa ile kubwa kabisa, ambayo hukaa peke yake imefudikizwa, palikuwa na kitu cha duara kimefunikwa blanketi.

Nilisema moyoni, basi ipo, msichana mwenye dhambi wewe, umemsingizia baba yako. Kisha nikajiuliza kwa nini sufuria ifunikwe blanketi, inahisi baridi? Nikapitisha vidole viwili kwenye tundu la waya, nikavuta ukingo.

Lilikuwa tairi. Sisi hatuna gari.

Taa za kule chini hujizima zenyewe usipobonyeza swichi. Zikajizima. Nikabaki gizani nimeshika ncha ya blanketi, nikijaribu kukumbuka lilikuwa limekaaje ili nilirudishe vilevile.

Nilichora usiku wa kuamkia siku ya darasa, na nilichora kwa hasira. Mwalimu hupita mezani kwa kila mtu, huvuta kiti, hukaa, hutazama mchoro muda mrefu. Alipofika kwangu nilitaka kuufunika kwa mkono.

"Njia nne," akasema. "Anayetunza, anayetoa, anayepokea, anayehesabu. Na umeandika ni mtu mmoja."

"Ndiyo."

"Unahitimisha nini?"

Nikatazama ubao. "Kwamba anaweza kuiba."

Hakujua ninamzungumzia nani. Nilikuwa nimeandika tu kwamba ni chama fulani.

"Hiyo ni nusu," akasema. "Tufanye kwamba kitu kimoja kimepotea, na yeye hakukichukua. Atatuonyesha nini, hapa kwenye mchoro wako?"

Nikatafuta. Niliifuata mishale yote kwa kalamu. Ilitoka kwake, ikazunguka, ikarudi kwake. Hakukuwa na karatasi yenye ukingo wa mawimbi hata moja. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeona chochote mahali popote.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna. Tunawatenganisha watu ili mwizi apate shida, ni kweli. Lakini asiyeiba naye anahitaji mtu wa kusema, nilikuwepo, nilihesabu, ilikuwepo. Huyu wako hana." Kisha akagusa sehemu nyeupe ya karatasi. "Na hawa wanaoazima wako wapi? Wanachukua na kurudisha, lakini hujawapa njia. Wape njia. Halafu kamwulize mmoja wao upande wake unaendaje. Anza na wa mwisho."

Wa mwisho nilimjua. Ile sufuria niliiona mara ya mwisho kwenye matanga kule Rinkeby, majani yalipokuwa yanaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha chai. Mama mmoja wa Kongo alikuwa amefiwa na mumewe, na watu walijaa mpaka kwenye ngazi za jengo. Wali ulipikwa kwenye ile sufuria, ukapakuliwa, ukapikwa tena.

Nilipanda treni ya kijani hadi mjini, nikabadilisha, nikapanda ya buluu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja. Shikamoo mama, nina kazi ya shule. Shikamoo mama, nina kazi ya shule. Chini ya sentensi ile palikuwa na mambo mengine ambayo nitayaandika kwa sababu hapa ninaandika ukweli. Nilikuwa nakumbuka kwamba mama yule bado ni kijana, ana uso mzuri. Nilikuwa naweka Jumamosi upande mmoja na mfuko upande mwingine, na mshale katikati. Kama mchoro wangu ungekuwa sahihi, nisingejua pa kuupeleka.

Alifungua mlango akiwa na mtoto kiunoni. Kabla sijasema shikamoo niliiona. Ilikuwa pale kwenye korido, ukutani, inang'aa kama imesuguliwa kila siku, na viatu vya watoto vimepangwa kuizunguka.

"Karibu, mutoto yangu," akasema. "Mama iko muzima? Baba?"

"Wazima. Nina kazi ya shule," nikasema, na sentensi ikaishia hapo.

Alifuata macho yangu mpaka kwenye sufuria. Kisha akamweka mtoto chini, akainua kifuniko. Ndani kulikuwa na mifuko ya mchele, imefungwa kwa vipande vya kitenge cha mama yangu. Chini kabisa, kama imekwenda kujificha.

"Ona sasa," akasema. "Ile sufuria ililisha batu yote ya matanga ya bwana yangu. Nirudishe tupu? Kwetu mutu harudishe chombo ya mwenzake tupu."

Nikasema hata kwetu. Ni kweli. Jirani akikuletea maandazi kwenye sahani, sahani hairudi na upepo. Unatia hata ndimu mbili. Mama aliniambia hivyo kabla sijajua kufunga viatu. Lakini sikuwahi kuiwazia sahani inayotosha mtoto kuogea.

"Nilisema nitaijaza kidogokidogo. Kazi haikupatikana haraka. Mwezi ukapita, na mwingine. Sasa ikapita muda wa kurudisha kidogo, unaelewa? Ukichelewa, lazima urudishe mingi. Na mimi sina mingi." Aliketi kwenye kibao cha kuvulia viatu. "Nikamwambia baba yako, tafadhali usinitaje mbele ya batu. Akasema hatanitaja. Akaanza kuleta muchele. Kila Jumamosi anabisha, anaacha mlangoni, haingii hata kunywa maji. Anasema, tia ndani, rudisha."

"Basi si urudishe?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayesoma sana.

"Muchele ni yenu. Nikirudishia baba yako muchele yake mwenyewe, nimerudisha nini?"

Nilitoa karatasi yangu ili nifanye kitu kwa mikono. Akaniuliza inahusu nini, na mimi, kwa woga tu, kwa kutaka kujaza kimya, nikamwambia. Nikamwambia kuna mkutano, vyombo vitahesabiwa, na kuna watu wanaosema baba ameuza.

Uso wake ulibadilika, akasimama, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na pakiti ya chumvi, ambayo haijafunguliwa. Akaitia ndani ya sufuria, juu ya mchele, akaitazama.

Alikuja kwetu keshoye mchana. Alikuwa ameitia sufuria kwenye kigari cha mtoto, amefunika kwa kanga, na mtoto amembeba mgongoni. Amesafiri nayo hivyo kwenye treni mbili, akipishwa mlangoni na watu waliodhani wanampisha mtoto mchanga. Mama ndiye aliyefungua. Baba alitoka chumbani na soksi mguu mmoja.

"Muchele ni yenu," mama wa Rinkeby akasema. "Chumvi ni yangu. Munisamehe."

Mama alitoa mifuko mmoja mmoja. Akakigusa kitenge chake. Nilimwona akimtazama baba, kisha yule mama, kisha baba tena, na kitu kilichokuwa kimekaza mabegani mwake tangu siku ya anti kikalegea.

"Kumbe mchele wangu umetembea," akasema. "Mimi mwenyewe Rinkeby sijafika tangu matanga." Akaichukua ile chumvi kwa mikono miwili. "Ilikuwa imetuishia. Karibu ukae."

Haikuwa imetuishia.

Mgeni alipoondoka, baba aliishusha sufuria stoo mahali pa lile tairi, kisha akaniita jikoni. Hakupaza sauti. Baba akikasirika hupunguza, mpaka inabidi umsogelee.

"Nani alikutuma Rinkeby?"

Nikajibu kwa Kiswidi kwamba niliuliza tu, ilikuwa kazi ya shule. Nikiogopa Kiswahili hunikimbia.

"Umeuliza," akasema. "Ukamwambia nitashtakiwa. Sasa amerudisha kwa kunihurumia, na mimi nilimpa neno langu kwamba hatasumbuliwa. Unajua mtu anayehurumiwa anavyojisikia?"

"Lakini watu walisema umeiba."

"Waliosema ni wao. Wewe uliwaza nini?"

Nilitazama meza. Mama alisema kutoka sinkini, "Hata mimi niliwaza. Ungeniambia, mume wangu."

"Ningekuambia, ungemwambia nani?"

Sote tulijua treni ya Väsby inapita mara ngapi.

Siku mbili hatukuzungumza vizuri. Siku ya tatu baba aliniita kwa kidole, akasema nilete huo mchoro. Nilikuwa nimeuchora upya, mkubwa, kwenye karatasi mbili zilizounganishwa kwa gundi. Akavaa miwani. Nikamweleza alama. Alianza mwanzo, akafuata mishale kwa kidole chake kinene, akisoma Kiswidi changu kwa sauti ndogo. Kwenye njia ya anayeazima kidole kikafika kwenye kashata niliyoongeza: Je, kuna cha kutia ndani? Mshale wa ndiyo ulikwenda kurudisha. Mshale wa hapana ulikwenda kungoja, na kutoka kungoja ukarudi kwenye swali lilelile. Kidole cha baba kikazunguka. Kikazunguka tena. Akacheka puani.

"Hapa unaweza kuzeeka," akasema.

"Mwalimu alishangaa. Alisema kuna sheria ambayo hamkuiandika popote na ina nguvu kuliko zote. Aliniuliza inaitwaje, nikakosa neno lake kwa Kiswidi."

"Inaitwa adabu." Kidole kikarudi juu. "Na huyu aliyejaa ukurasa mzima ni mimi."

"Ndiyo."

"Anafanana na mwizi."

"Mwalimu anasema si lazima. Anasema hana shahidi tu."

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mwalimu wako angekuja mkutanoni," akasema.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa chini wa kanisa hapa Farsta. Mimi nilikaa karibu na chupa za chai, ambapo mtu ana sababu ya kutosema. Mama wa Rinkeby alikuwa nyuma, macho kwenye mapaja yake. Baba hakumtazama hata mara moja, na nilijua anafanya kazi kubwa kutomtazama.

Mwenyekiti alifika kwenye vyombo. Aliuliza kwa heshima, lakini ukumbi mzima uliweka vikombe chini, ukamgeukia baba. Baba akasimama. Nilidhani atasema vyote vipo, kwa sababu kwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa, kwa nilivyojua mimi, ilikuwa kweli.

"Kabla sijasema vipo au havipo," akasema, "naomba nisiwe mimi wa kusema. Mtu mwingine ashuke akahesabu. Na kuanzia leo, ninayetoa nisiwe ninayehesabu."

Badala ya kufurahi, watu walianza kunong'onezana. Nilisikia nyuma yangu, "Kuna kitu." Mwingine akasema, "Mbona leo? Miaka yote hakusema." Mzee mmoja akainua mkono akauliza waziwazi, "Ndugu, kwani unatoroka nini?" Nilitaka kuingia ndani ya chupa ya chai. Darasani mwalimu hakutuambia kwamba mtu akiomba kuchunguzwa ndipo anapotiliwa shaka zaidi.

"Sitoroki," baba akasema. "Nina jambo lingine. Vyombo virudi kwa wakati hata kama ni vitupu. Ni vya jumuiya, si vyangu. Msivitie kitu."

Hapo kelele ilikuwa nyingine kabisa.

"Vitupu?" mama mmoja akasema. "Tutaonekana hatukulelewa."

"Sufuria ya matanga irudi na hewa? Banange," anti wa Väsby akasema.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeuliza wazo lile lilitoka wapi. Mwishoni mwenyekiti akasema chombo kirudi ndani ya wiki, na kilicho ndani ni shauri la anayerudisha na Mungu wake. Mama wa Rinkeby hakuinua uso, ila nilimwona amelegeza vidole. Kisha wakatafuta wa kuhesabu, na kwa kuwa anti ndiye aliyekuwa akiuliza sana, wakamchagua yeye.

Alishuka stoo siku ileile, na koti lake na daftari jipya, baba mbele, mimi nyuma wa kubonyeza swichi ya taa. Baba alifungua kufuli, akamwachia njia, akabaki nje ya waya. Alikuwa hajawahi kusimama pale. Mikono yake haikujua pa kukaa, akaitia mifukoni, akaitoa. Anti hakuwa na haraka. Aligeuza kila sufuria, akaigonga chini kwa kifundo cha kidole, akatazama ndani kana kwamba mtu amejificha humo. Ile kubwa aliizunguka mara mbili.

"Kumbe ipo," akasema.

Nilimwona baba akimtazama mikono, jinsi inavyoshika, jinsi inavyoweka. Alikuwa anamchunga.

Anti alihesabu vifuniko. Akahesabu tena, akivigusa kwa kalamu. Akainua uso, na nikaliona lile jambo alilokuwa akilitafuta tangu Väsby likiwasha macho yake.

"Shemeji, kifuniko kimoja hakipo. Cha ile ya pili. Kiko wapi?"

Baba alishika waya wa kizimba. Nilimjua vizuri kiasi cha kuona jibu la zamani likipanda kooni. Jibu lipo, liko kichwani, mtu fulani, harusi fulani, nitamwuliza. Akalimeza.

"Sijui," akasema.

Anti alingoja. Alizoea kwamba baada ya hapo huja maelezo.

"Niandike nini?"

"Andika hivyo. Kimekosekana, na mtunza vyombo amesema hajui."

Anti akatazama daftari, akamtazama baba, akanitazama hata mimi, kana kwamba tumemficha kitu tena. Kisha akaandika. Baba akangoja mpaka amalize, akaomba daftari, akasoma mstari ule wote kupitia miwani yake, na chini yake akatia sahihi.